Kabla Mjumbe Hajafika: Deizimu na Fikra za Zama za Mwangaza

Kuna swali ambalo watoto wa huku kwetu huliuliza mapema, wengine kwenye mafundisho ya katekisimu, wengine chuoni mbele ya maalimu. Babu wa babu yangu alikufa kabla Johann Ludwig Krapf hajashuka Mombasa mwaka 1844. Alikaa bara, hakuwahi kusikia jina la Yesu wala kukutana na Mwislamu hata mmoja. Yuko wapi leo? Nililiuliza nikiwa na miaka kumi hivi, nikajibiwa kwamba mambo mengine tumwachie Mungu. Ukubwani nilikuja kujua kwamba wanazuoni wamelihangaikia sana. Masheikh wana mlango mzima juu ya watu wa fatra, yaani waliokaa katika kipindi ambacho ujumbe haukuwafikia, na Kanisa Katoliki nalo lililigusa katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1964. Lakini katika Ulaya ya karne ya 17 na ya 18 walitokea watu waliolishika swali hilo na kulifuata popote lilipowapeleka, hata likawatoa nje ya kanisa. Hao ndio wadeisti, na fundisho lao linaitwa deizimu.

Nimeanza na swali hilo kwa makusudi. Ukiuliza deizimu ni nini, mara nyingi utajibiwa kwamba ni imani ya Mungu aliye kama fundi saa: aliuumba ulimwengu, akautia ufunguo, akaenda zake. Si uongo, ila ni nusu ya habari, tena nusu isiyoeleza chochote. Mungu aliyekwenda zake hamtishi mfalme wala askofu. Sasa kwa nini vitabu vya watu hawa vilichomwa moto hadharani? Kwa nini waandishi wake walikimbia miji yao usiku? Kilichotisha kilikuwa dai jingine: kwamba Mungu mwadilifu hawezi kuuweka wokovu wa wanadamu wote mikononi mwa mjumbe ambaye wengi wao hawatamwona maishani. Kama ni mwadilifu, basi lililo la lazima kwa wokovu amempa kila mtu, kila mahali, tangu mwanzo. Na kitu pekee walichopewa watu wote ni akili. Ukikubali hilo, kuna watu wengi ambao kazi yao inakwisha siku hiyo hiyo.

Neno lenyewe limetokana na la Kilatini, deus, yaani Mungu. Mwaka 1564 mhubiri wa Kiprotestanti wa Uswisi, Pierre Viret, alililalamikia kundi la watu waliojiita hivyo, waliokiri kwamba Mungu yupo lakini hawakumtaka Kristo. Kwa hiyo lilianza kama neno la lawama, na katika vinywa vya wengi lilibaki hivyo kwa miaka zaidi ya mia mbili. Wakristo wengi wa wakati huo walimweka mdeisti na mkana Mungu kwenye kapu moja. Walikosea: mdeisti alimkiri Mungu, na wengi wao walimpenda.

Anayehesabiwa kuwa baba wa mawazo haya ni Mwingereza Edward Herbert, bwana wa Cherbury, aliyekuwa balozi wa nchi yake huko Paris. Ufaransa ya wakati wake ilikuwa bado inaikumbuka Agosti ya mwaka 1572, Waprotestanti walipochinjwa kwa maelfu kuanzia usiku wa Mtakatifu Bartolomayo. Ng'ambo ya mpaka, Ujerumani ilikuwa inaungua kwa Vita vya Miaka Thelathini vilivyoanza mwaka 1618. Kila upande ulikuwa na ufunuo wake na uhakika wake, na kila upande ulikuwa unazika watoto wake. Herbert alitaka kujua kama kuna kitu ambacho watu wa dini zote wanakijua tayari, kabla ya mhubiri yeyote kufungua kinywa. Katika kitabu alichokitoa Paris mwaka 1624 akataja mambo matano: kwamba yupo Mungu mmoja aliye juu ya wote, kwamba anastahili kuabudiwa, kwamba wema na uchaji ndio moyo wa ibada, kwamba dhambi hutubiwa, na kwamba kuna thawabu na adhabu, katika maisha haya na baada yake.

Hapo hamna saa wala fundi. Kuna jambo ambalo Herbert mwenyewe alilisimulia katika habari za maisha yake. Alipomaliza kuandika alisita kukichapa kitabu. Siku moja ya jua kali, dirisha la chumba chake likiwa wazi upande wa kusini na upepo umetulia, alikishika mkononi, akapiga magoti, akamwomba Mungu ampe ishara: akichape au akizime? Anasema alisikia sauti kutoka mbinguni, kubwa lakini ya upole, isiyofanana na sauti yoyote ya duniani. Akakichapa. Mtu anaweza kulichukua simulizi hilo apendavyo. Mimi linanionyesha kwamba baba wa deizimu hakumwona Mungu wake kuwa mbali. Alimwomba, akangoja jibu.

Basi saa imetoka wapi? Imetoka kwenye sayansi, na pia imetoka kwa wapinzani. Isaac Newton alipotoa kitabu chake kikubwa mwaka 1687 na kuonyesha kwamba kanuni moja inalivuta tunda chini na kuushika mwezi juu, ulimwengu ulianza kuonekana kama mtambo mmoja. Newton mwenyewe hakuwa mdeisti; aliamini kwamba Mungu huingia mara kwa mara kuzirekebisha njia za sayari. Mwaka 1715 mwanafalsafa wa Kijerumani Gottfried Leibniz akamkejeli kwa hilo: huyo Mungu wenu ni fundi gani, ambaye saa yake lazima aitie ufunguo tena na tena? Aliyemjibu kwa niaba ya Newton alikuwa kasisi Samuel Clarke, na kwa hoja yangu huyu Clarke ni shahidi muhimu. Katika mihadhara yake ya mwaka 1705, iliyokusudiwa kuwapinga wadeisti, aliwagawa katika makundi manne. Wapo wanaosema Mungu aliumba akaacha. Wapo wanaosema anauendesha ulimwengu lakini hajali mema na mabaya ya watu. Wapo wanaosema anajali, ila hakuna maisha baada ya kifo. Na wapo wanaokubali yote hayo, Mungu, maongozi yake, uadilifu wake na hukumu ya akhera, wanachokataa ni kimoja tu: kwamba ulihitajika ufunuo wa pekee ili kuyajua. Fundi saa, kwa hesabu ya adui yao mwenyewe, ni kundi moja kati ya manne.

Uingereza ndiko mambo yalikopamba moto, hasa baada ya mwaka 1695, sheria iliyowalazimisha wachapishaji kuomba kibali ilipokwisha muda wake. Mwaka uliofuata John Toland, kijana wa Ireland aliyekuwa hajafikisha miaka 30, alitoa kitabu kilichodai kwamba ndani ya Ukristo hakuna fumbo lililo juu ya akili. Yanayoitwa mafumbo yameletwa na makasisi ili watu wawategemee. Alirudi Dublin akakuta mimbari zinamnguruma. Septemba 1697 Bunge la Ireland likaamuru kitabu kichomwe moto na mnyongaji wa umma, mtu yule yule aliyelipwa kuua wahalifu, na mwandishi akamatwe. Toland alitoroka. Mwezi Januari mwaka huo huo, Edinburgh, mwanafunzi wa miaka 20 aitwaye Thomas Aikenhead hakupata bahati hiyo: alinyongwa kwa kuyadhihaki Maandiko na Utatu mbele ya wenzake. Miaka 20! Mtu akisoma leo majibizano ya kistaarabu ya wanafalsafa hao, aikumbuke kamba hiyo.

Hoja yenyewe ilifikia ukomavu wake kwa Matthew Tindal, mwalimu wa Oxford aliyekuwa amepita miaka 70 alipochapa kitabu chake mwaka 1730. Dini ya kweli, alisema, ina umri sawa na uumbaji. Mungu hazidi kuwa mwema kadiri miaka inavyokwenda. Kama leo anataka watu waokoke, alitaka hivyo pia miaka elfu tano iliyopita, Uchina na Marekani sawasawa na Yerusalemu. Basi aliwapa wote njia ile ile. Injili, kwa maneno ya Tindal, ikiwa ni ya kweli, haiwezi kuwa na jipya la lazima. Inatukumbusha tu yale ambayo akili iliyafahamu tangu Adamu. Aliyaweka maneno ya Confucius karibu na ya Yesu, akasema ya kwanza humsaidia kuyaelewa ya pili. Kwa askofu wa wakati ule hayo yalikuwa matusi.

Tindal hakuwa wa kwanza kuwaza hivyo, na hapa msomaji wa Kiswahili ana haki ya kujua jambo ambalo vitabu vingi hulipita haraka. Katika karne ya 12, huko Andalusia, tabibu na mwanafalsafa Ibn Tufayl aliandika kisa cha Hayy ibn Yaqdhan, mtoto anayelelewa na paa kwenye kisiwa kisicho na watu. Hana mzazi, hana kitabu, hana lugha. Paa mama yake anapokufa, anampasua kifua akitafuta kilichoondoka; na kuanzia moyo ule uliotulia, hatua kwa hatua, kwa macho na akili yake tu, anafika kwa Mungu Mmoja. Kisa hicho kilitolewa kwa Kilatini huko Oxford mwaka 1671, kisha kikatafsiriwa kwa Kiingereza moja kwa moja kutoka Kiarabu mwaka 1708, katikati kabisa ya mabishano haya. Ibn Tufayl hakuikana sharia. Lakini Waingereza waliokuwa wanauliza kama akili peke yake inaweza kumfikisha mtu kwa Mungu, walikikuta kitabu cha Mwislamu kilicholichukua swali hilo karne tano kabla yao.

Sasa siasa. Dola nyingi za Ulaya zilisimama juu ya wazo kwamba mfalme ni mlinzi wa ufunuo wa kweli: ndiyo maana alikuwa na haki ya kutoza zaka, kufunga wazushi na kuwafukuza wasiosali kama yeye. Wadeisti waling'oa jiwe la msingi. Kama yaliyo ya lazima kila mtu anayo moyoni, serikali inalinda nini? Haikuwa nadharia tupu. Toland huyo huyo mwaka 1714 aliandika kuomba Wayahudi wapewe uraia wa Uingereza, kwa hoja kwamba raia hupimwa kwa mwenendo wake.

Mwandishi wa Kifaransa Voltaire aliyakuta mawazo haya London, alikokaa kuanzia mwaka 1726, akayarudisha Ufaransa kwa kalamu kali kuliko ya mwalimu wake yeyote. Nguvu yake iliwekwa mizani na kisa kimoja. Oktoba 1761, mjini Toulouse, kijana wa familia ya Kiprotestanti alikutwa amekufa dukani kwa baba yake. Uvumi ukazagaa kwamba baba, Jean Calas, mfanyabiashara wa vitambaa, amemuua mwanawe asije akawa Mkatoliki. Ushahidi hapakuwa nao. Tarehe 10 Machi 1762 mzee yule alifungwa kwenye gurudumu, akavunjwa viungo kwa rungu la chuma, akafa akisema hana hatia. Voltaire aliandika barua kwa kila mtu aliyemjua, akachangisha fedha, akatafuta mawakili, na baada ya miaka mitatu, Machi 1765, hukumu ikafutwa. Katikati ya mapambano hayo alichapa kitabu juu ya uvumilivu, na kuelekea mwisho wake akaacha kuwasemesha wanadamu, akamgeukia Mungu wa viumbe vyote, wa dunia zote na wa nyakati zote, akimwomba watu wasichukiane kwa sababu huyu anawasha mishumaa mchana na yule anatosheka na jua. Dua hiyo ni ya mdeisti, na mimi sijasoma nyingi zilizo na machungu zaidi.

Wala si kwamba imani yake haikutikiswa. Tarehe 1 Novemba 1755, siku ya Watakatifu Wote, watu wakiwa wamejaa makanisani, tetemeko liliiangusha Lisbon. Bahari ikapanda, kisha moto ukala kilichobaki. Walikufa maelfu kwa maelfu. Wadeisti wengi walikuwa wamezoea kusema kwamba ulimwengu umepangwa vema na kila baya lina jema lake. Voltaire aliandika shairi la huzuni akiwauliza: watoto waliopondwa vifuani mwa mama zao walikosa nini? Jibu hakulipata. Hakumwacha Mungu, lakini hakuirudia tena lugha ile ya kwamba yote ni heri.

Ng'ambo ya Atlantiki, mawazo yaliyokuwa ya vitabuni yakawa sheria. Tangazo la Uhuru wa Marekani la mwaka 1776, lililoandikwa na Thomas Jefferson, linataja sheria za maumbile na za Mungu wa maumbile; halimtaji Kristo. Sheria yake ya uhuru wa dini katika jimbo la Virginia, iliyopita mwaka 1786, inaanza kwa kusema kwamba Mungu Mwenyezi ameiumba akili ikiwa huru. Tindal angeitambua sentensi hiyo mara moja. Ni kweli pia kwamba isingepita kwa kura za wadeisti peke yao: walioisukuma pamoja nao ni Wabaptisti, ambao wahubiri wao walikuwa wamefungwa jela za Virginia kwa kuhubiri bila kibali. Mlokole na mdeisti walishika mpini mmoja. Katiba ya mwaka 1787 ikapiga marufuku kumpima mwenye cheo kwa dini yake, na rekebisho la mwaka 1791 likalizuia Bunge kuanzisha dini ya taifa. Ibara ya 8 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, isemayo hakutakuwa na dini ya serikali, ni ya ukoo huo.

Benjamin Franklin, mmoja wa waasisi wa Marekani, ambaye anakiri kwamba aligeuka mdeisti kwa kusoma vitabu vilivyoandikwa kuwapinga wadeisti, alisimama tarehe 28 Juni 1787 kwenye mkutano wa kutunga Katiba akapendekeza waanze kila siku kwa sala, kwa kuwa uzee umemfunza kwamba Mungu hutawala mambo ya watu. Tena, si Mungu aliyekwenda zake.

Na Jefferson? Mwaka 1820 hivi, akiwa mzee wa miaka 77 nyumbani kwake Monticello, alikaa na nakala za Agano Jipya katika Kigiriki, Kilatini, Kifaransa na Kiingereza, akashika wembe na gundi. Alikata maneno ya Yesu mstari kwa mstari, akayabandika kwenye karatasi tupu, lugha nne safu kwa safu. Heri maskini wa roho ilibaki. Msamaria mwema alibaki. Kutembea juu ya maji kuliangukia sakafuni. Kitabu chake kinaishia pale jiwe linapovingirishwa mlangoni pa kaburi, na watu wanaondoka. Hakukichapa.

Ufaransa ilijaribu kuifanya deizimu dini ya dola. Tangazo la Haki za Binadamu la mwaka 1789 lilikuwa tayari limetolewa mbele ya Yule Aliye Mkuu wa Vyote. (Tusitafsiri “Kiumbe Mkuu”, kiumbe ni kilichoumbwa.) Mei 1794 Maximilien Robespierre, kiongozi wa Mapinduzi ya Ufaransa, akapitisha amri kwamba taifa linamkiri Aliye Mkuu na kutokufa kwa roho, na tarehe 8 Juni ikafanyika sikukuu yake Paris, iliyopangwa na mchoraji Jacques-Louis David. Robespierre, kavaa koti la buluu, mkononi ana masuke ya ngano na maua, alilitia moto sanamu la Ukanamungu. Likateketea, na ndani yake ikatokea sanamu ya Hekima, imechafuka masizi. Siku mbili baadaye alisimamia sheria iliyowanyima washtakiwa wakili. Julai 28 alikatwa kichwa yeye. Watu waliokuwa wamedai kwamba dola haina la kulinda katika dini, waliposhika dola waliipa dini ya kulinda.

Siku ile ya sikukuu, mdeisti mashuhuri kuliko wote waliokuwa hai alikuwa gerezani humo humo Paris. Thomas Paine alikamatwa Desemba 1793, na akiwa njiani kwenda kufungwa alimkabidhi rafiki yake Joel Barlow mswada wa kitabu chake juu ya dini. Ndani yake alisema anamwamini Mungu mmoja, si zaidi, na anatumaini furaha baada ya maisha haya. Kilinunuliwa sana, na kikamponza. Alipokufa New York mwezi Juni 1809, mtu aliyekuwa ameiamsha Marekani idai uhuru alizikwa na watu wasiofika kumi.

Mazishi yale yananieleza udhaifu wa deizimu kuliko hoja za mwanafalsafa wa Uskoti David Hume, ingawa Hume alizibomoa nguzo zake kweli kweli: ulimwengu huu wenye maumivu, aliuliza, ukiutazama bila kujua lolote, ungekisia umetengenezwa na Mwema asiye na kikomo? Deizimu haikuwa na wimbo. Haikuwa na matanga, wala mkono wa kushika mwenye homa. Wakati wasomi wanabishana, mhubiri George Whitefield alikuwa anahubiri mashambani mbele ya wachimba makaa ya mawe, na machozi yakichora mistari kwenye masizi ya nyuso zao. Hao hawakuhitaji kuthibitishiwa kwamba Mungu yupo.

Lakini mimi naona kasoro kubwa zaidi iko kwingine, karibu na swali langu la utotoni. Kama akili imegawiwa kwa wote, ni nani hao wote? Jefferson aliwamiliki watumwa zaidi ya 600 katika maisha yake. Kitabu chake juu ya jimbo la Virginia, kilichochapwa mara ya kwanza Paris mwaka 1785, ambamo alisema jirani akiamini miungu ishirini au asiamini yeyote hamwibii mfukoni wala hamvunji mguu, kina kurasa zinazoitilia shaka akili ya mtu mweusi.

Tarehe 19 Agosti 1791 aliandikiwa barua na Benjamin Banneker, Mwafrika huru wa Maryland. Banneker alijifunza elimu ya nyota mwenyewe. Ujanani alikuwa amechonga saa ya mbao, gurudumu kwa gurudumu, ikafanya kazi. Akaambatanisha almanaka aliyoipigia hesabu kwa mkono wake. Akamkumbusha Jefferson maneno yake ya mwaka 1776, kisha akamwambia kwamba Baba mmoja amewaumba wote, na amewapa wote hisia zile zile na vipawa vile vile. Ilikuwa hoja ile ile ya Tindal, ikitoka kwa mtu ambaye wadeisti walikuwa wamemsahau walipokuwa wanahesabu.

Jefferson alijibu ndani ya wiki mbili, kwa adabu. Alisema hakuna anayetamani kuliko yeye kuona uthibitisho wa namna hiyo, na almanaka akaipeleka Paris kwa Condorcet, katibu wa Chuo cha Sayansi. Watumwa wake walibaki Monticello. Mwaka 1809, Banneker akiwa kaburini miaka mitatu, Jefferson alimwandikia Joel Barlow, yule aliyepokea mswada wa Paine, akisema anayo barua ndefu ya Banneker, na kwamba inaonyesha akili yake ilikuwa ya kawaida sana.